Mbegu Zilizolazwa

Karani wa posta aliishika bahasha yangu, akaiminya kwa vidole viwili, akaiminya tena, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Bibi, barua hii mbona ina mifupa?"

"Maneno makavu hayo, mwanangu. Yamekaa sana."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. Aliipitisha bahasha chini ya kioo kunirudishia, kama mtu anavyorudisha sahani yenye unywele, akaninyooshea kidole kwenye tangazo lililobandikwa ukutani. Tangazo lenyewe nilikuwa nimeshalisoma nikiwa mlangoni, ndiyo maana juu ya bahasha niliandika BARUA TU kwa herufi kubwa. Mbegu hazivuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Cheti kinatolewa na afisa wa mimea, jengo la nyuma, ghorofa ya kwanza. Na kabla ya cheti lazima kiwepo kibali cha nchi zinakokwenda, na kibali hicho anakiomba anayepokea, si anayetuma.

"Yaani siku hizi boga nalo lina pasi ya kusafiria," nikasema.

"Tena lina adabu kuliko wewe, bibi. Linabisha hodi kabla ya kuingia."

Hapo nikampenda kidogo, nikaenda zangu.

Kusema kweli nilikuwa nimeonywa. Mbegu zilikuwa za mdogo wangu, ambaye tunamwita Kitinda kwa sababu alikuwa wa mwisho, na jina halijamwacha ingawa sasa ana wajukuu. Aliolewa ng'ambo miaka thelathini na moja iliyopita. Mume wake alipofariki, wakubwa wa mji wake wakampa kipande cha bustani, mahali ambapo wanalima watu waliotoka nchi mbalimbali, kila mmoja na chake cha nyumbani. Kitinda alipanda vitu vya dukani, ila kona moja ya uzio aliiacha tupu.

"Wenzangu wote wamepanda cha mama zao," aliniambia kwenye simu. "Wananiuliza, na cha mama yako kiko wapi? Nawaambia kiko njiani. Sasa kizee, usinifanye mwongo. Kibali nimeshaomba, kitakufikia. Usilete ujanja wako."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Kila Jumamosi mchana simu italia, nami kabla sijasema haloo nitasikia, "Kizee, bado upo tu?" Nitamjibu, "Nipo, nakusubiri utangulie ukanishikie nafasi." Naye, "Nafasi ya nini, huko unakokwenda wewe watu wanaingia kwa kusukumwa." Tulikuwa tunamaliza nusu saa kwa matusi kabla ya kuulizana hali.

Cha mama yetu ni boga. Ni la kijani lenye michirizi myeupe, shingo imepinda kama ya mtu aliyekataa salamu, na ganda lake huwezi kulianza kwa kisu. Unaliangusha sakafuni kwanza mara mbili, ndipo linakubali mazungumzo. Linakaa stoo miezi minane bila kuoza. Mama alilirithi kwa mama yake. Tunaliita Mkaidi.

Mama alikuwa mtu wa watu, ila kwa mbegu za Mkaidi alikuwa mchoyo wa kupindukia. Na kwa kuwa kumnyima jirani mbegu ni aibu, hakumnyima mtu hata siku moja. Jirani akiomba, mama anasema, "Wewe tena! Kesho nakuletea." Jirani akigeuza mgongo, mama anabandika sufuria kavu kwenye moto mdogo, anazimimina mbegu, anazigeuza kwa kiganja mpaka kiganja kinakataa, kisha anashika mwiko na kuhesabu hadi mia mbili. Anaziepua kabla hazijabadilika rangi. Ukizitazama ni mbegu nzima, nyeupe, nzuri, ila haziamki tena. Nyumbani tulisema zimelazwa. Jirani atapanda, atamwagilia, atalaumu udongo, atalaumu kuku, mwisho atalaumu mkono wake mwenyewe. Na mama atampa pole, tena pole ya kutoka moyoni.

Sheria ilikuwa moja tu: za ndugu hazilazwi. Sheria hiyo mama aliivunja mara moja. Ni siku Kitinda alipokuwa anafunga masanduku kumfuata mume wake. "Anayeolewa mbali keshakuwa wa watu," mama aliniambia jikoni, na akanikabidhi sufuria niishike ili yeye ahesabu. Nikaishika. Kitinda alipewa kifurushi chake kimefungwa kwa uzi mwekundu, akakikumbatia, akaondoka analia. Baada ya miezi minne aliniandikia barua. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja juu ya maboga: "Hazikuota hata moja, dada, nikazichimbua nikazinusa." Nilimjibu kurasa nne za mambo mengine.

Tangu siku hiyo hakuwahi kuomba mbegu. Mama alikufa, stoo ikawa yangu, na Kitinda hakuomba. Kwa hiyo mwaka ule alipoomba, nilijua kinachoombwa si boga. Na yeye alijua kwamba najua, maana alisema huku anacheka, "Safari hii nataka zilizo macho."

"Zitakuja macho kodo," nikamwambia. Nilimwahidi hivyo.

Kibali kilipofika, nikapanda ghorofa ya kwanza. Afisa wa mimea alikuwa kijana mwenye mafua, na leso yake ilikuwa na kazi kuliko kalamu. Chumba kilinuka dawa. Kulikuwa na meza mbili, taa yenye kioo cha kukuzia, na jokofu lenye karatasi iliyoandikwa USIWEKE CHAKULA. Alinivutia kiti, akaniita bibi, na aliponiona naipeleka fomu mbali na macho akaichukua akanisomea mwenyewe.

"Jina la mmea?"

"Boga."

"La kisayansi?"

"Tunaliita Mkaidi."

"Bibi, jina la kisayansi."

"Mkaidi sana."

Akacheka mpaka akakohoa, akaandika mwenyewe anachokijua. Kisha akanieleza. Mbegu ziwe kavu, zimeoshwa, zisiwe na udongo wala majivu wala nyuzi za boga zilizokaukia. Zisizidi mia. Nizilete zote, azikague, achukue sampuli.

"Sampuli kiasi gani?"

"Inategemea," akasema, akapenga kamasi.

Hilo neno "inategemea" ndilo lililoniponza. Maana nilipoinua macho nikaona dirishani nyuma yake makopo matatu yana miche inachipua, mibichi, imenawiri.

"Na hiyo ya nani?"

"Ni ya hizo sampuli. Mbegu ngeni tunaziotesha, tuone kama zina ugonjwa."

Mtoto wa mama yangu nikashuka ngazi nikiwa nimeshaamua. Nikasema, haa, kumbe! Huyu ni jirani kama majirani wengine, tofauti yake ana muhuri. Kabla ya msimu kwisha Mkaidi atakuwa kwa huyu, kwa mke wake na kwa mashemeji zake wote.

Nikafika nyumbani nikahesabu mbegu mia na ishirini. Sitini nikazifunga kwenye leso, hizo za Kitinda. Sitini nyingine nikabandika sufuria. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nitampa afisa zilizolazwa, azikague, aibe anazotaka, anipe cheti, nami nitakwenda posta na cheti changu na zile zilizo macho. Nilihesabu hadi mia mbili nikiwa naimba. Wanasema akili nyingi huondoa maarifa. Siku hiyo nilikuwa na akili nyingi mno.

Kesho yake afisa alizimwaga kwenye sinia jeupe, akazihesabu, akazipitisha moja moja chini ya kile kioo. Akachukua kiwembe akapasua tatu.

"Safi sana, bibi. Kavu. Hazina hata mdudu mmoja."

"Mdudu angepitia wapi," nikasema.

Kisha, badala ya kunirudishia, akazimimina zile hamsini na saba kwenye mfuko mdogo wa nailoni, akaubana mdomo, akautia lakiri nyekundu yenye namba. Ile namba akaiandika kwenye cheti. Akagonga muhuri mara mbili. Mfuko na cheti vyote akavitia kwenye bahasha moja, akaifunga.

"Na sampuli yako?" nikauliza.

"Si hizo tatu? Hizi za maboga haziniumizi kichwa, nyingine zote ni mali yako."

"Sasa si unipe, nizipeleke posta?"

"Zinatoka hapa hapa, bibi. Sheria ni kwamba nilichokikagua ndicho kinachosafiri. Nikikurudishia mkononi, nitajuaje kama umetuma hizi hizi?" Akacheka tena, na mafua yake. "Si kwamba wewe ungefanya hivyo."

Leso yenye zile sitini ilikuwa mkobani, juu ya mapaja yangu. Nilikuwa naigusa kwa nje. Wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Yangu hayakusubiri. Yalizaliwa pale pale mbele ya macho yangu, na mimi nikayaangalia tu. Nilichohitaji kusema ni maneno matatu: mwanangu, nimekosea kifurushi. Hata kosa lenyewe nisingelitaja. Lakini yule kijana alikuwa amenivutia kiti, amenisomea fomu, amecheka vichekesho vyangu. Na mlangoni kulikuwa na watu wawili wanasubiri, mmoja ana kikapu cha vitunguu. Nikafungua mdomo.

"Unasemaje, bibi?"

"Nasema asante."

Akaiweka bahasha kwenye trei ya posta.

Jumamosi Kitinda alipiga kabla ya saa yake. "Kizee! Nimeangalia namba ya mzigo, zimeshatoka! Nimechimba mashimo manne, nimetia samadi, majirani wanakuja kutazama mashimo kama kaburi la mtu mkubwa."

"Haya," nikasema.

"Haya tu? Umeumwa nini leo, ulimi?"

Ningemwambia hapo, tungecheka. Ningemwambia, sikia kituko, nimemlazia afisa mbegu, zimekuja kwako, zitupe, nakutumia nyingine. Angenitukana saa nzima na simu ingekwisha vizuri. Lakini alikuwa na furaha, na mimi nikajiambia nitamwambia zikifika. Halafu nikajiambia moto ulikuwa mdogo, huenda kumi au kumi na tano zimebaki macho. Mtu mzima, aliyeishika sufuria ile tangu hajafikia kimo cha meza, najidanganya kama mtoto anayeficha daftari.

Jumamosi iliyofuata simu haikulia. Nikasema ana wageni. Ya pili pia haikulia. Nikapiga mimi.

"Shikamoo, dada."

Nikakaa chini. Mara ya mwisho Kitinda kuniamkia alikuwa na miaka saba, na siku hiyo alikuwa amevunja kioo changu.

"Marahaba. Kitinda, mbegu…"

"Zimefika, asante sana. Zimefungwa vizuri. Cheti pia nimekiona."

"Umepanda?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilifungua mfuko, dada. Lakiri ya serikali inabana kweli kweli. Harufu yote ya moto ilikuwa ndani."

Nikasikia maji yanamwagika kule kwake, anaosha vyombo huku anaongea nami, jambo ambalo alikuwa halifanyi.

"Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu," akasema. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea! Hazikuwa zako zile, zilikuwa za afisa!"

"Za afisa zilifikaje kwangu?"

"Nilidhani ataziiba, nikamlazia zake. Zako ninazo hapa, macho kodo, kwenye leso. Akazifunga zile, akatia lakiri…"

"Na wewe ulikuwa wapi akitia lakiri?"

"Nilikuwa mbele yake."

"Umesimama?"

"Nimekaa. Alinipa kiti."

"Ukamwambia nini?"

Nina vichekesho vya kila msiba na kila mkutano, lakini hapo sikupata hata kimoja. "Nilimwambia asante," nikasema.

Maji yakafungwa.

"Mara ya kwanza nilimlaumu mama," Kitinda akasema. "Miaka yote hiyo. Nikasema dada angejua angeniambia."

"Kitinda."

"Nilikuwa sijui sufuria uliishika wewe. Nimejua juzi, nilipozinusa. Nikasema, mkono ni ule ule, mia mbili zile zile. Niambie kama nimekosea."

Ningeweza kumwambia amekosea. Mama hayupo, jiko lile limeshabomolewa, shahidi hakuna. Nilishadanganya watu kwa mambo madogo zaidi ya hayo, tena kwa kujifurahisha tu. Nikamwambia hajakosea.

"Basi," akasema. Si kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningejua pa kushika.

Jumatatu nilipanda tena ghorofa ya kwanza na leso yangu. Sikukaa. Nilimweleza yule kijana yote, sufuria na mwiko, na kwamba nilimwita mwizi moyoni. Mafua yalikuwa yamemwisha. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kidevu.

"Sasa bibi," akasema, "mbona hukuniambia pale pale? Ningevunja lakiri, nikaandika upya. Dakika kumi. Fomu hizo hapo, tele."

"Niliona aibu."

"Aibu ya dakika kumi?"

"Ndiyo, mwanangu. Sasa niandikie nyingine, zilizo macho ni hizi."

Akazimwaga kwenye sinia, akazitazama chini ya kioo, ingawa nadhani alifanya hivyo ili nisione uso wake. Zilikuwa nzuri. Moja ilikuwa na kidonda kidogo cha fukusi, akaitoa. Kisha akavuta faili, akanionyesha kile kibali cha Kitinda, na mstari ulioandikwa chini: kwa mzigo mmoja tu.

"Kimeshatumika, bibi. Lazima aombe kingine. Hapa kwangu hata ungekuwa mama yangu mzazi siwezi. Anayepokea ndiye anayeomba. Usipokaribishwa, huingii."

"Na akikataa kuomba?"

"Kwani atakataa? Si mdogo wako?"

Jumamosi nilimwomba Kitinda. Niliomba vizuri, bila mzaha, mpaka nikajishangaa sauti. Akasema, "Nitaangalia, dada." Kila mtu anajua maana ya nitaangalia.

Hiyo ni misimu mitatu sasa. Kila msimu napanda Mkaidi, kila msimu naangusha boga moja sakafuni, natoa mbegu mpya, naziosha, nazianika, nahesabu sitini. Za mwaka jana nawapa majirani. Wanashangaa zinavyoota, mmoja aliniuliza nimebadilisha dawa gani. Boga la mama limeenea mtaa mzima, limepanda hadi kwenye uzio wa shule, na yule afisa nilimpa mbegu kumi mkononi. Amelipanda kwake, na ananipigia simu kunisimulia shingo zake zimepinda vipi. Kila akipiga anauliza, kibali kimekuja? Namwambia bado.

Kitinda hajaninunia. Watu wakisema ndugu fulani hawaongei, mimi siwezi kujihesabu humo. Tunaongea kila Jumamosi, saa ile ile. Anaulizia goti langu. Mjukuu wake alinitumia picha ya bustani, nikaitafuta kona ya uzio nikaiona: amepanda maua ya njano, mengi, yamepangwa vizuri. Nikamsifia. Akashukuru.

Jumamosi iliyopita nilijaribu tena. "Kitinda, kile kibali. Nisikusumbue, ila mbegu za boga zina miaka yake ya kungoja, na kizee naye ana yake."

Zamani angeniambia kizee kama mimi hakiozi, kinapelekwa stoo.

"Usiseme hivyo, dada," akasema kwa sauti nzuri sana. "Mungu akupe umri." Kisha akaniuliza kama mvua zimeanza.

Nikamwambia zimeanza, ila si nyingi.